Kusikiliza kwa sauti ndogo katika chumba kidogo: spika zipi zinafaa?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nina chumba cha mita 3 kwa 3.6, mchana ni ofisi yangu na usiku ndipo ninapopigia muziki. Spika zangu zina wufa (koni kubwa ya besi) ya inchi 8 na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba), nimekaa nazo zaidi ya miaka 20, zinaendeshwa na amplifaya ya wati 60. Mtoto analala chumba cha pili, kwa hiyo nasikiliza kwa sauti ndogo sana, na hapo ndipo shida inapoanza: besi inayeyuka, muziki unakuwa mwembamba kama wa redio ya mfukoni, na mwimbaji aliyekuwa katikati anasogea kushoto. Nikiongeza sauti, yote yanarudi sawa. Tena juzi nimegundua sponji inayozunguka koni ya spika moja imeanza kukatika. Nataka kubadilisha spika. Marafiki wananishauri ninunue kubwa zenye unyeti wa juu, ati hizo ndizo zinazoamka mapema hata ukizipa sauti kidogo. Ni kweli? Nichague vipi?

Jibu: Ndugu yangu, salaam nawe. Umeuliza swali moja ila umeeleza magonjwa matatu, na ni mmoja tu unaoponywa kwa kununua spika. Sponji iliyokatika ni ugonjwa wa spika. Besi inayoyeyuka ni ugonjwa wa sikio, lako na langu na la kila mtu. Mwimbaji anayehama ni ugonjwa wa amplifaya, au ndivyo ninavyoshuku. Ukikimbilia kununua kabla ya kuitenganisha hii mitatu, utalipa pesa na miwili kati yake itakusubiri palepale chumbani.

Nianze na huyo mwimbaji, maana ndiye aliyeniambia mengi. Katika amplifaya nyingi, nyuma ya kitufe cha volyumu kuna njia mbili za kaboni, moja ya kushoto na moja ya kulia, na juu ya kila moja kuna kidole kidogo cha chuma kinachoteleza unapozungusha. Njia hizo mbili hazilingani sawasawa. Kitufe kikiwa kimepanda, tofauti yao ni ndogo, sikio halina habari nayo. Kikiwa chini kabisa, pale kinapoanza tu kutoka sifuri, upande mmoja unaweza kuuzidi mwingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 na zaidi, na hiyo inatosha kabisa kumburuta mwimbaji kutoka katikati. Nilishamwona mtu aliyebadilisha spika mara tatu kwa sababu hii, kila mara akisema mpya nazo ni mbovu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika tano. Zima amplifaya. Waya wa spika ya kushoto uhamishie kulia na wa kulia kushoto, ukichunga nyuzi zake zisigusane. Washa, weka rekodi ya mtu mmoja anayezungumza au kuimba katikati, kwa sauti ileile ndogo ya usiku. Kama sasa amehamia kulia, spika hazina kosa. Kosa liko kwenye amplifaya au kwenye chombo kinachoilisha. Kama amebaki kushoto, ama spika ya kulia imedhoofika ama chumba chenyewe hakina usawa, mathalani upande wa kulia kuna pazia zito na wa kushoto ni ukuta mtupu. Kwa kuwa umesema akiongezewa sauti anarudi katikati, mimi nakituhumu kitufe.

Tiba yake haihitaji fundi. Unachotaka ni kitufe kipande juu, kwenye eneo ambalo pande zote mbili zinaenda pamoja, bila sauti kuongezeka. Kwa hiyo punguza mawimbi kabla hayajaingia kwenye amplifaya: kama unacheza muziki kutoka kwenye kompyuta au kicheza muziki cha mtandao, shusha sauti yake kwa desibeli 10 hadi 15 kisha ongeza kwenye amplifaya. Vifaa vya kisasa vinavyofanya kazi kwa biti 24 havipotezi kitu cha kusikika kwa upunguzaji huo. Kama chanzo chako hakina volyumu, kuna vipunguzi vidogo vinavyochomekwa kwenye waya kati ya chanzo na amplifaya. Tahadhari moja tu: ukishazoea kukiacha kitufe juu, siku chanzo kitakaporudishwa kwenye sauti kamili utaamsha nyumba nzima. Yamenikuta, saa saba za usiku.

Sasa besi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha michoro ya jambo ambalo kila msikilizaji wa usiku analijua ingawa hana jina lake: sikio halisikii masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba, kwa usawa, na kadiri sauti inavyopungua ndivyo linavyozidi kuwa kiziwi kwa besi. Vipimo hivyo vimerudiwa na watu wengine tangu hapo, na leo vimo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 226. Tuchukue toleo lake la 2003. Sauti ya hezi 1000, yaani mitikisiko 1000 kwa sekunde, kama mluzi, ikiwa na desibeli 80, besi ya hezi 50 inahitaji takriban desibeli 102 ndipo sikio liione ina ukubwa sawa na huo mluzi. Shusha mluzi hadi desibeli 40, na besi itahitaji takriban 78. Lakini kitufe cha volyumu hakijui hayo. Chenyewe kimepunguza kila kitu kwa 40, kwa hiyo besi imeporomoka kutoka 102 hadi 62. Umepungukiwa desibeli 16 hapo kwenye hezi 50, na hakuna spika iliyofanya kosa lolote.

Wewe huenda husikilizi kwa 40. Wengi usiku huwa kwenye 55 au 60, na upungufu unakuwa mdogo kuliko huo. Mwelekeo lakini ni uleule. Ndiyo maana ukiongeza sauti "yote yanarudi sawa". Spika zilikuwa macho muda wote. Sikio ndilo lililokuwa limesinzia.

Hapo ndipo ushauri wa marafiki zako unapokwama. Unyeti wa spika ni namba inayosema itatoa desibeli ngapi ukiipa wati moja na kuipima mita moja mbele yake. Spika ya 84 ili itoe desibeli 60 kwa umbali huo inahitaji wati 0.004. Hata vishindo vya ngoma vinavyouzidi wastani kwa desibeli 20 vinataka wati 0.4 tu. Wewe una wati 60 na hujawahi kutumia hata moja nzima usiku. Spika ya 92 itafanya kazi hiyohiyo kwa umeme mdogo zaidi, sawa, lakini unaokoa kitu usichokuwa na upungufu nacho. Tena itakuumiza mara mbili: kwa kuwa inapaza kila inachopewa, itakulazimisha ushushe kitufe chini zaidi, kulekule kwenye eneo lenye kasoro, na ule mchirizo mwembamba wa "ssss" unaotoka kwenye amplifaya utausikia kwa desibeli 8 zaidi. Katika chumba ambacho masikio yako yako mita moja na kidogo kutoka kwenye twita, saa sita za usiku, mchirizo huo ni kero.

Kuna chembe ya ukweli katika hiyo hadithi ya kuamka, nami sitaificha. Zipo spika zilizotengenezwa zikiwa na besi iliyotuna na twita iliyochongoka. Hizo kwa sauti ndogo hujaza chumba vizuri, kwa sababu zimekwisha kukufanyia marekebisho ambayo sikio linayataka. Shida ni mchana. Ukipandisha sauti, yale marekebisho hayatoki; besi inavuma kama pipa na sauti za "s" zinachoma. Msimamo wangu katika hili haujabadilika kwa miaka mingi: marekebisho ya sauti ndogo yakae kwenye kitufe unachoweza kukizima, yasikae ndani ya boksi la spika.

Kitufe gani? Amplifaya nyingi za zamani zina swichi iliyoandikwa Loudness. Iko pale kwa kazi hii hasa, ila mara nyingi inakadiria ukubwa wa sauti kwa kuangalia kitufe cha volyumu kimekaa wapi, bila kujua spika zako zina unyeti gani wala chanzo chako kina nguvu kiasi gani, ndiyo maana kwa wengine inazidisha na kwa wengine haisikiki. Baadhi ya amplifaya za Yamaha zina kitufe cha Loudness cha kuzungusha, kilichotenganishwa na volyumu: unaweka volyumu kwenye sauti kubwa kabisa unayowahi kusikiliza, halafu unapunguza kwa hicho cha pili, nacho kinashusha masafa ya kati kuliko besi. Hiyo ni akili. Usipokuwa nacho, kitufe cha kawaida cha besi kinatosha sana, au ikwaliza ya kwenye kompyuta na simu: inua kuanzia hezi 100 kwenda chini kwa desibeli 5 au 6, sikiliza siku mbili tatu, kisha rekebisha. Twita iache ilivyo. Watu wengi huinua besi na twita pamoja, lakini ukiitazama ile michoro utaona sikio halipotezi sana upande wa juu. Panapoporomoka ni chini.

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya spika, na mambo yamekuwa mepesi kuliko ulivyodhani, kwa sababu sauti ndogo inazisamehe spika ndogo dhambi yao kubwa. Koni ndogo ikitaka kutoa besi lazima isafiri mbali mbele na nyuma. Ukishuka oktavu moja, yaani masafa yakipungua kwa nusu, bila kupunguza ukubwa wa sauti, safari hiyo inakuwa mara nne. Kwa sauti ya sherehe inafika ukingoni na kuanza kukoroma. Kwa sauti yako ya usiku inatikisika kwa kiasi ambacho hata ukiimulika tochi huoni kitu. Ina akiba kubwa isiyoguswa. Ukiiongezea desibeli 6 za besi kwa kitufe, au hata 10, inazipokea bila kulalamika. Kwa hiyo faida kubwa ya spika za kusimama sakafuni, yaani kusukuma hewa nyingi, wewe huna pa kuitumia, lakini hasara zake zote utazipata: zinakula nafasi, na zile zenye wufa na twita zilizotawanyika kwenye mbao ndefu zinahitaji umbali wa mita mbili na zaidi ndipo sauti zake ziungane kuwa kitu kimoja. Ukikaa karibu nazo unasikia mwimbaji kifua kiko goti na mdomo uko dari.

Ningekuwa wewe ningetafuta spika ndogo yenye wufa ya inchi 4 hadi 5 na nusu, boksi lake likiwa limezibwa pande zote, bila tundu la hewa. Tundu ni njia ya werevu ya kupata besi zaidi kutoka boksi dogo, lakini besi hiyo ikifika mwisho wake inadondoka ghafla, desibeli 24 kwa oktavu, na chini ya hapo koni inabaki bila kitu cha kuishika. Boksi lililozibwa linashuka taratibu, desibeli 12 kwa oktavu, na hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi kama springi. Si wazo jipya: Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research nchini Marekani mwaka 1954 kwa ajili ya wazo hilihili. Mteremko huo wa polepole unakufaa kwa sababu mbili. Ukuta wa nyuma utaujazia kidogo, na kitufe cha besi kinaweza kuujazia kilichobaki bila kuitia koni hatarini.

Kama unataka kuona wazo hili likiwa limevaa nguo za kazi, itazame LS3/5A, spika iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Fundi amekaa kwenye kijigari, ukuta uko nyuma ya spika, sikio liko mita moja mbele, na sauti haiwezi kuwa kubwa. Walijenga boksi dogo lililozibwa, lenye wufa ya inchi 5 hivi, unyeti wake ukiwa mdogo, chini ya 84. Hali yao na yako ni ndugu wa tumbo moja, na hadi leo kuna watengenezaji wanaoiunda upya au kuifuata. Sisemi ununue hiyo. Nasema watu waliokuwa na kazi ya kusikia kila kitu kwenye nafasi finyu hawakukimbilia ukubwa.

Usipopata iliyozibwa, tafuta yenye tundu mbele. Yenye tundu nyuma nayo inawezekana, ila iachie nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani, na ikivuma zaidi ya inavyopendeza ziba tundu kwa sponji. Soksi iliyokunjwa nayo hufanya kazi hiyo, nimeitumia kwa miaka. Mgeni akiiona atacheka, mwache acheke.

Aina ya pili ninayoipenda kwa wanaokaa karibu ni ile ambayo twita imewekwa katikati ya wufa yenyewe, kama KEF LS50 ya mwaka 2012. Sauti zote zinatoka mahali pamoja, kwa hiyo hata ukiwa nusu hatua mbele yake hazitengani. Hiyo ina tundu nyuma, basi rudi kwenye soksi yangu.

Kuhusu tabia ya sauti yenyewe, Floyd Toole, aliyefanya utafiti wake kwanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada na baadaye katika kampuni ya Harman, aliwaweka watu wasikilize spika bila kuziona na kuzipa alama. Waliozipenda zaidi hawakuchagua kwa nyenzo za twita wala kwa jina. Walichagua zile ambazo mchoro wake wa mbele, unaoonyesha ukubwa wa sauti kwa kila masafa, umenyooka na sauti inayotawanyika pembeni inapungua taratibu bila mabonde na vilima. Sasa zipo tovuti na majarida yanayopima spika kwa njia hiyo. Tafuta mchoro wa ile unayoitaka kabla ya kwenda kuisikiliza. Mstari uliolala vizuri ndio unaofaa kuongezewa besi kwa kitufe, kwa sababu unajua unaanzia wapi.

Twita ya hariri, ya aluminiamu, ya utepe? Sijali, wala wewe usijali.

Tufike mahali pa kuziweka, na hapa nitakaa kidogo, maana sentimeta 50 za kusogeza spika zinaweza kukupa kuliko kuongeza bei mara mbili. Chumba chako cha mita 3 kwa 3.6 kina besi zake chenyewe. Gawa 343, ambayo ni mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili: kwa mita 3.6 unapata kama hezi 48, kwa mita 3 unapata 57. Masafa hayo mawili yatavimba karibu na kuta na kupotea katikati ya chumba. Ukikaa katikati kabisa, besi itakosekana hata ungeleta spika ya ukubwa wa kabati, na mtu aliyesimama pembeni atakwambia inavuma. Pengine kiti chako cha ofisi kiko hapohapo katikati. Kisogeze kuelekea ukuta wa nyuma, hatua moja tu, usikilize tena.

Spika zenyewe zisogeze karibu na ukuta ulio nyuma yake. Ushauri wa kawaida ni kuzivuta mbele sana, na kwenye ukumbi ni ushauri mzuri. Kwako sivyo. Spika ikiwa mita moja kutoka ukutani, sauti inayorudi kutoka ukutani inagongana na inayotoka mbele kwenye hezi 86 hivi na kuifuta, yaani inakufutia besi ileile ambayo sikio lako tayari linainyima nafasi. Ikiwa sentimeta 20, mfuto huo unapanda hadi juu ya hezi 400, ambako ni rahisi kuudhibiti kwa kitu laini ukutani, na chini ya hapo ukuta unaanza kukuongezea badala ya kukupunguzia, hadi desibeli 6. Hiyo ni besi ya bure, isiyotaka wati wala kitufe.

Kisha kaa karibu. Mita 1.2 hivi kati ya spika na spika, na umbali huohuo hadi kichwani kwako, twita zikiwa usawa wa masikio na zimegeuzwa kukutazama. Kila unapoupunguza umbali kwa nusu, sauti inayokujia moja kwa moja inaongezeka desibeli 6 masikioni mwako bila chumba cha pili kupata chochote cha ziada. Kwa mtu mwenye mtoto aliyelala upande wa pili wa ukuta, sijui zawadi nyingine kubwa kama hiyo. Zikiwa juu ya meza ya kazi, ziinue kidogo kwenye vistendi na uziwekee kitu laini chini. Meza ikipokea mtikisiko inageuka spika ya tatu, na miguu yake inapeleka besi sakafuni.

Na zima feni, kama unaweza. Feni ya kawaida chumbani inafunika nyimbo zote zinazocheza pole, kisha unaongeza volyumu kushindana nayo.

Spika zenye amplifaya ndani yake je? Nyingi ni nzuri sana kwa matumizi yako, na zingine zina marekebisho ya ukuta na ya sauti ndogo ndani kwa ndani, zikikuondolea hata ule mgogoro wa kitufe. Ziulize maswali mawili kabla ya kulipa. La kwanza: bila muziki wowote, chumba kikiwa kimya, kwa umbali wa mita moja unasikia "ssss"? La pili, ambalo wengi hulisahau: je, ina mtindo wa kujizima yenyewe isipopata sauti, na unaweza kuuondoa? Baadhi yake, kwa sauti ndogo kama yako, hudhani hakuna kinachochezwa. Zinalala katikati ya wimbo, zinaamka kwa kishindo cha ngoma, zinalala tena. Sabufa nyingi zina ugonjwa huohuo. Sabufa yenyewe mimi nisingeianza nayo. Ukishaongeza besi kwa kitufe na ukuta, huenda usiihitaji, na masafa ya chini ndiyo yanayopenya ukuta kuliko yote. Mtoto ataisikia kabla yako.

Ukifika kuzisikiliza, omba uzichukue nyumbani siku mbili. Dukani wanapiga kwa sauti kubwa, na hapo kila kitu kina besi. Zilinganishe usiku, kwenye kiti chako, kwa sauti yako. Tumia programu ya kupima sauti ya kwenye simu, simu iwe palepale kilipo kichwa, ucheze mvumo wa majaribio na kulinganisha seti mbili hadi zitofautiane chini ya desibeli moja, kwa sababu iliyozidi hata kidogo itaonekana bora bila kustahili. Namba halisi ya simu usiiamini sana. Unachotaka ni ulinganifu. Halafu weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, ufumbe macho, ujaribu kuifuatisha hiyo besi kwa kuiguna, noti kwa noti. Ukiweza hadi mwisho wa ubeti kwa sauti ya kumwachia mtoto alale, spika hiyo inakufaa. Ukipata noti mbili unakosa moja, sogeza kiti kwanza, kisha ndipo uilaumu.

Nimebakisha zile za zamani. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vinne vilivyotawanywa, uirudishe polepole huku umeweka sikio karibu. Ikienda kimya, koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, bado iko sawa. Ikikwaruza, imeshaacha katikati, na ndiyo inayomeza mitikisiko midogo ya usiku. Sponji gusa kidogo kwa ukucha: ikibaki kidoleni kama majivu yenye unato, hata ile spika ya pili ambayo bado inaonekana nzima haina muda mrefu, maana sponji hizo huoza kwa umri, hata zisipotumika. Pete mpya za sponji au raba huuzwa zikiwa zimekatwa kwa vipimo, na mtu mwenye subira na gundi sahihi anazibandika mwenyewe jioni moja. Pima kipenyo cha koni na cha fremu, vyote viwili, kwa milimita, na badilisha za spika zote mbili kwa pamoja. Ningeanza na hilo na ile kazi ya kitufe wiki hii, wakati bado unatafuta mpya. Wufa ya inchi 8 iliyopona, ikisogezwa karibu na ukuta, inaweza kukuchelewesha dukani mwaka mzima.